Mwongozo kamili: Kupandisha ufaulu wa halmashauri nzima, kuanzia na mtoto asiyesoma

Matokeo ya Darasa la Saba yakishatoka, halmashauri nyingi hufanya yaleyale. Kikao cha tathmini kinaitishwa, walimu wakuu wa shule za mkiani wanasimamishwa mbele wajieleze, kisha yanatoka maazimio: kambi za kitaaluma, mtihani wa majaribio kila mwezi, masomo ya jioni. Mwaka unaofuata namba zinapanda kidogo hapa, zinashuka pale, na kikao kinaitishwa tena.

Nimekaa kwenye vikao hivyo nikiwa mwalimu, kisha nikiwa Afisa Elimu Kata. Hadi leo walimu wakuu na maafisa wenzangu wananiuliza swali moja: tumefanya kila kitu, mbona ufaulu haupandi? Jibu langu halijabadilika. Mtoto aliyefika Darasa la Saba akiwa hawezi kusoma aya moja na kuielewa, kambi ya miezi mitatu haimwokoi. Hata swali la Hisabati lazima kwanza alisome. Na kwa watoto walio kwenye mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi inaishia Darasa la Sita, kwa hiyo kwao hata ule mwaka mmoja wa kurekebisha makosa hatunao tena.

Utaratibu ulio hapa chini ni wa Tanzania Bara, kwa shule za msingi za serikali. Unamfaa Afisa Elimu wa halmashauri, Afisa Elimu Kata, na mwalimu mkuu anayetaka kuanza kwenye shule yake bila kumsubiri mtu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze na semina. Anza na hivi:

- Kadi ya kupimia kusoma. Karatasi ngumu yenye silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi ya sentensi nane hadi kumi yenye maswali mawili. Tengeneza matoleo matatu tofauti.
- Kadi ya hesabu. Kutambua namba, kutaja namba iliyo kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha.
- Kaunta buku moja kwa kila shule na moja kubwa kwa kila kata.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Walimu wawili kila shule waliofundishwa kupima kwa siku moja, na wamefanya mazoezi kwa watoto halisi.
- Vitabu vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) vilivyomo stoo. Nasema vilivyomo stoo kwa kusudi. Shule nyingi nilizotembelea zilikuwa na vitabu vya Darasa la Kwanza na la Pili vimefungiwa kabatini visichanike.
- Maboksi, maka peni, vizibo vya soda, vijiti na kokoto.
- Mafuta ya pikipiki ya Afisa Elimu Kata, yakiwa kwenye bajeti na yakitoka kwa wakati.
- Barua ya Mkurugenzi wa halmashauri inayoruhusu saa moja ya kila siku kwa ajili ya kusoma na kuhesabu. Barua hii ni kinga ya mwalimu. Bila hiyo, mgeni wa kwanza atakayekuta ratiba imebadilishwa atamwandikisha maelezo, na kesho yake kazi yote itasimama.

## Hatua ya 1: Pima mtoto mmoja mmoja

Pima Darasa la Tatu hadi la Sita, watoto wote. Mtihani wa karatasi hautoshi hapa, kwa sababu mtoto asiyesoma anajua kunakili na kubahatisha. Mtoe nje, chini ya mti, mbali na wenzake, umsikilize kwa masikio yako.

Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, mpe hadithi na umuulize yale maswali mawili. Aya ikimshinda, rudi kwenye maneno: achague matano, asome manne kwa usahihi. Maneno yakimshinda, mpe silabi. Kiwango cha juu alichokiweza ndicho chake, kiandike kwenye kaunta buku mbele ya jina lake. Kisha hesabu kwa mtindo huohuo.

Dakika tano kwa mtoto zinatosha. Shule yenye watoto 400 katika madarasa hayo inahitaji dakika 2,000, yaani kama saa 33. Wakiwa walimu wanne, kila mmoja ana saa nane na ushei. Siku tatu za asubuhi zinamaliza kazi.

Mambo matatu huharibu upimaji huu, na nimeyaona yote.

La kwanza ni kutumia ukurasa wa kitabu cha darasani. Watoto wameshaukariri. Nimewahi kumsikiliza mtoto "akisoma" ukurasa mzima bila kosa huku macho yake yako kwa mbuzi waliokuwa wakipita. Ukiwa na shaka, funika mistari ya juu, gusa neno la mwisho na umwambie asome kurudi nyuma.

La pili ni kuhesabu lafudhi kama kosa. Mtoto anayetamka *kura* kama *kula* kwa sababu ya lugha ya nyumbani amesoma. Usimshushe.

La tatu ndilo baya zaidi: walimu kuamini kuwa namba hizi zitatumika kuwaadhibu. Wakiamini hivyo, watoto wote watasoma hadithi siku hiyo. Afisa Elimu aseme kwa mdomo wake, mbele ya walimu wote, kwamba upimaji wa mwanzo hauna lawama kwa yeyote. Na alitimize neno lake.

Utajua umefaulu ikiwa matokeo yanakuumiza. Shule ikileta orodha ambayo kila mtoto wa Darasa la Tatu anasoma hadithi, mpeleke mwalimu wa shule jirani akapime watoto kumi upya.

## Hatua ya 2: Weka halmashauri nzima kwenye jedwali moja

Kila shule mstari mmoja, kila darasa idadi ya watoto kwa kiwango. Achana na wastani, kwa sababu wastani unaficha. Chukua mfano wa Darasa la Nne lenye watoto 90: silabi 12, maneno 25, aya 30, hadithi 23. Unachotafuta ni kwamba 37 kati ya 90 hawawezi kusoma aya. Watoto hao 37 wana majina, na majina yamo kwenye kaunta buku.

Usizipange shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na kubandika ubaoni. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora. Shule iliyotajwa ya mwisho hadharani inajifunza kuficha.

Jedwali litakuonyesha jambo ambalo wengi wanalijua na hawalisemi: walimu wako barabarani. Shule ya jirani na lami ina walimu ishirini, ile ya mwisho wa njia ina wanne kwa madarasa saba. Hapo hakuna mbinu ya kufundishia itakayosaidia mpaka msawazo wa walimu ufanyike, na msawazo ndani ya halmashauri uko mikononi mwa Mkurugenzi. Lakini usimhamishe mwalimu kabla ya kumtafutia nyumba. Kaa na mwenyekiti wa kijiji, chumba chenye mlango unaofungika kipatikane kwanza, ndipo barua iandikwe. Mwalimu aliyefikia kwenye darasa bovu pamoja na watoto wake atatumia mwaka mzima kutafuta uhamisho, na sina neno la kumlaumu.

## Hatua ya 3: Mwalimu wako bora aende Darasa la Kwanza

Hapa ndipo ninapopata upinzani mkubwa kuliko mahali popote. Desturi yetu ni kumpa mwalimu hodari Darasa la Saba kwa kuwa ndiko kunakopimwa. Darasa la Kwanza anapewa anayekaribia kustaafu, aliyetoka kuugua, au kijana wa kujitolea. Tunafukua kisima kwa juu na kushangaa maji hayatoki.

Mji wa Sobral, jimbo la Ceará nchini Brazil, ulikuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa sehemu kubwa ya watoto wake wa madarasa ya mwanzo hawajui kusoma. Ukaweka nguvu zake hapo: lengo moja la kusoma, upimaji wa mara kwa mara, na walimu wazuri kwenye madarasa ya chini. Katika kipimo cha ubora wa elimu cha Brazil mwaka 2005 Sobral ilikuwa nafasi ya 1,366. Mwaka 2017 ilikuwa ya kwanza kati ya manispaa zaidi ya 5,500. Na ni mji wa eneo maskini.

Fanya hivi: mwalimu mkuu akae na mwalimu wa taaluma, wachague mwalimu mwenye subira na sauti nzuri ya kusimulia, anayependa watoto wadogo. Abaki na watoto wale wale Darasa la Kwanza na la Pili. Kama darasa lina watoto 120, ligawe kwa zamu, asubuhi na mchana, kabla ya kufikiria kingine chochote. Mwongozo wetu unasema watoto 45 kwa darasa. Hata ukifika 60 umepiga hatua.

Tahadhari: mwalimu huyu asione ameshushwa cheo. Mpe vipindi vichache, mtaje kwenye mkutano wa wazazi, na jina lake liwe la kwanza nafasi ya mafunzo inapotokea.

Dalili ya mafanikio: mwisho wa Darasa la Pili, watoto wengi wanasoma aya wasiyowahi kuiona. Kigezo kinachotumika nchini ni maneno 50 kwa dakika kwa ufahamu. Usikimbilie hicho mwezi wa kwanza, lakini ukijue.

## Hatua ya 4: Saa moja ya viwango, kila siku

Huu ndio moyo wa kazi. Walioko Darasa la Tatu na kuendelea ambao hawasomi hawatasubiri kizazi kipya kipande kutoka chini.

Kila siku ya shule, kuanzia saa 2:00 hadi saa 3:00 asubuhi, madarasa ya Tatu, Nne, Tano na Sita yanavunjwa. Watoto wanakaa kwa kiwango chao cha kusoma, bila kujali darasa. Wa silabi huku, wa maneno kule, wa aya chini ya mwembe. Wanaosoma hadithi wanapewa vitabu na kazi ya kuandika, wakisimamiwa na mwalimu mmoja. Mtindo huu ulianzishwa na shirika la Pratham nchini India, ukapimwa kwa tafiti za kina miaka mingi, na unafanya kazi hata kwa walimu wa kawaida wenye vifaa vya kawaida. Sababu yake ni nyepesi: mwalimu wa Darasa la Nne anafundisha mada ya Darasa la Nne, na mtoto wa silabi hayumo kwenye somo hilo. Amekaa tu.

Kwa nini asubuhi? Saa tisa mchana mtoto ana njaa, na mwalimu amechoka. Ukiweka kazi muhimu kuliko zote jioni, umeshatangaza kuwa si muhimu.

Kikundi cha silabi. Chati kubwa ya ba-be-bi-bo-bu ukutani. Waimbe pamoja, kisha mmoja mmoja aguse silabi inayotajwa. Wape kadi za maboksi waunganishe: *ba* na *ta* ni *bata*, *ta* na *ba* si neno, wacheke, wajaribu lingine. Waandike mchangani kwa kidole. Kiswahili kina huruma kwa msomaji, kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akizishika silabi mlango umefunguka. Za kuchelewesha kwa makusudi ni *mb*, *nd*, *ng'*, *ny*, *dh*, *gh*. Zifundishe baada ya zile nyepesi kukaa sawa.

Kikundi cha maneno. Watoto wataje maneno ya nyumbani kwao, wewe uandike: jembe, daladala, ugali, mnada. Wayatungie sentensi. Mwalimu asome kwa kunyoosha kidole chini ya neno, wao wafuate, kisha wabadilishane kwa wawili wawili.

Kikundi cha aya. Mwalimu asome kwanza kwa sauti, wasome pamoja, asome mmoja, halafu wazungumze: nani alifanya nini, kwa nini, wewe ungefanyaje? Wamalize kwa kuandika sentensi tatu zao. Sehemu ya mazungumzo ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayomfundisha mtoto kujibu maswali ya ufahamu kwenye mtihani.

Kwa hesabu, tenga siku mbili za wiki au nusu ya saa. Vijiti vifungwe kumi kumi. Mtoto anayeshindwa 42 − 17 mara nyingi haelewi kuwa ile 4 ni mafungu manne ya kumi. Afungue fungu moja kwa mkono wake, aone vijiti kumi vimeungana na vile viwili. Baada ya hapo "kukopa" kuna maana.

Walimu wote wanafundisha saa hii, mwalimu mkuu akiwemo. Akibaki ofisini, baada ya wiki mbili watabaki walimu wawili nje na watoto mia mbili.

Vikundi vipewe majina: Rufiji, Serengeti, Usambara. Siku nitakayosikia mwalimu akisema "nyie wa silabi" mbele ya watoto, nitamvuta pembeni. Mtoto wa miaka kumi na moja anayerudi kwenye *ba-be-bi* anahitaji heshima kuliko anavyohitaji chati.

Kila baada ya siku kumi za shule, pima upya kwa toleo jingine la kadi, na uhamishe waliopanda papo hapo. Mafanikio yanaonekana hivi: katika siku 30 hadi 50 kikundi cha silabi kinapungua kwa macho. Baada ya siku 20 kikiwa kilevile, usimlaumu mtoto. Nenda ukakae kwenye kikundi hicho, utakuta wanaimba chati nzima kwa pamoja na hakuna anayesoma peke yake.

## Hatua ya 5: Ziara za kata zisiishie kwenye kitabu cha wageni

Afisa Elimu Kata mzuri anaweza kuinua shule tano au sita. Anayefika, akasaini, akanywa chai na kukagua maandalio ya somo hainui hata moja, ingawa taarifa yake ya mwezi itakuwa nene.

Ziara iwe na mambo matatu. Kaa saa nzima ya viwango ndani ya kikundi kimoja, kwenye kigoda cha mtoto, bila kuingilia. Chukua watoto watano bila kuchaguliwa na mwalimu, uwasomeshe kadi, ulinganishe na kaunta buku. Kisha zungumza na mwalimu faragha juu ya jambo moja la kurekebisha. Ukimpa kumi hatafanya hata moja. Liandike, urudi baada ya wiki mbili ulitazame hilohilo.

Jumuiya za kujifunza za walimu chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) zitumike kwa kazi hii. Mwalimu alete tatizo la wiki, mwenzake aonyeshe anavyofundisha, wote wajaribu Jumatatu. Dakika arobaini na tano zinatosha.

## Hatua ya 6: Uji, mahudhurio na wazazi

Hesabu watoto mara mbili: asubuhi na baada ya mapumziko. Tofauti ya namba hizo ndiyo idadi ya wenye njaa na ya waliokwenda mnadani. Msimu wa kilimo itapanuka.

Uji hauhitaji mradi. Mkutano wa kijiji ukubaliane debe la mahindi kwa kaya baada ya mavuno, si Januari ghala likiwa tupu. Kamati ya shule itunze stoo na ibandike hesabu mlangoni. Mzazi asiyeweza achangie kuni au maji, na mtoto wake asinyimwe kikombe hata siku moja.

Kwenye kikao cha wazazi, usisome asilimia. Mpe kila mzazi nafasi ya kukaa na mwanawe na kadi ya aya kwa dakika mbili. Hata mzazi asiyejua kusoma anasikia mwanawe akikwama. Nimeona kina baba waliokuwa wakisema shule ni kazi ya mwalimu wakiondoka kimya, na wiki iliyofuata mahudhurio yakapanda.

## Fedha kidogo, zifungwe kwenye kazi

Kwa kiwango kilichotumika elimu bila malipo ilipoanza 2016, shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka hutumwa shuleni. Shule ya watoto 500 inapata 3,000,000, yaani 250,000 kwa mwezi. Toa maboksi, maka peni na karatasi za kadi humo kwanza.

Usitegemee fedha peke yake. Jaribio kubwa lililofanyika nchini mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 lilionyesha kuwa ruzuku pekee haikuongeza walichojifunza watoto. Ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na idadi ya watoto wanaoweza KKK, matokeo yalipanda. Halmashauri isiyo na fungu la motisha inaweza angalau kuacha kuchelewesha madai ya walimu.

## Darasa la Saba la mwaka huu je?

Hawa hawana muda, na wasitelekezwe. Wapime kama wengine, wasiosoma aya waingie saa ya viwango kwa kikundi chao wenyewe ili wasione haya. Waliobaki wafanye mitihani iliyopita, lakini baada ya kila mtihani mwalimu atumie vipindi viwili kuupitia swali kwa swali. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kila mwaka, unaoonyesha makosa yanayojirudia. Usomeni pamoja. Jaribio lisilosahihishwa mbele ya watoto ni karatasi iliyopotea.

## Utarajie nini, lini

Mwezi wa kwanza ni vurugu: watoto hawajui pa kukaa, walimu wananung'unika kuwa silabasi inachelewa. Vumilia. Mwezi wa tatu vikundi vya chini vimepungua na walimu wa Hisabati wanaanza kusema watoto wanaelewa maswali. Upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne ndio utakaosogea mapema. Mtihani wa mwisho unafuata baada ya miaka miwili au mitatu, watoto wa mwanzo wanapofika huko.

Mweleze hivyo Mkurugenzi na madiwani siku ya kwanza, kwa maandishi. Wasipojua, watavunja mpango Novemba ya kwanza na kurudi kwenye kambi.

Uhamisho nao upo. Afisa aliyeanza kazi hii huenda asiimalize. Kwa hiyo kila muhula kaunta buku la kata lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala ibaki kwa mwalimu mkuu na kwa Afisa Elimu Taaluma. Siku ya makabidhiano, kabla ya funguo za ofisi na za pikipiki, mpeleke anayepokea kwenye shule moja saa 2:00 asubuhi, mkalishe kwenye kikundi cha silabi, na umkabidhi majina.